Mlima wa Mita 69 na Stika Yake

Jumapili iliyopita nilisimamishwa msituni na mzee mwenye koleo. Si polisi wala askari wa wanyamapori. Mzee tu, rika la baba yangu, kavaa buti za mpira, anachimba kijifereji cha kutoa maji kwenye njia ya baiskeli za milimani. Akaitazama baiskeli yangu kuanzia usukani hadi gurudumu la nyuma, kisha bila hata habari za asubuhi akauliza: "Stika yako iko wapi?"

Nusura nimwamkie shikamoo. Mazoea yana taabu.

Ninakaa Wageningen, Uholanzi. Nilikuja kusoma, nikabaki. Pembeni yetu kuna tuta refu la mchanga na misonobari linaloitwa Utrechtse Heuvelrug, na ndani yake wamechonga njia za baiskeli za milimani, za kwenda upande mmoja tu ili watu wasigongane. Kuzipita unatakiwa ununue stika ya mwaka na kuibandika kwenye baiskeli. Siku hiyo nilikuwa napanda Amerongse Berg. Berg kwa lugha yao ni mlima. Urefu wake ni mita 69. Sijasahau tarakimu, ni sitini na tisa. Na kama unataka kilele kirefu kuliko vyote huku kwenye ardhi yao ya Ulaya, nenda kusini kabisa, Vaalserberg, mita 322. Stendi ya mabasi ya Moshi mjini iko juu zaidi ya mara mbili ya hapo, na pale hujaanza hata kupanda kwenda popote.

Sasa mimi, mtoto wa Old Moshi, ubavuni mwa Kilimanjaro, niliyekua nikifungua mlango asubuhi naangaliana na Kibo, nadaiwa stika ili nipande kichuguu! Nikamwambia mzee nitainunua, nikaondoka nimevimba. Hasira ilidumu kilomita mbili tatu. Kilichoiondoa ni kibao.

Huku, kila njia za baiskeli zinapokutana kuna nguzo fupi yenye namba. Huhitaji ramani wala simu. Kabla ya kutoka nyumbani unaandika namba zako kwenye karatasi, unaibandika kwenye usukani, halafu unafuata: 48, kisha 12, kisha 75, mpaka umerudi mlangoni kwako. Jirani zao Wabelgiji wa mkoa wa Limburg ndio waliouanza mtindo huu mwaka 1995, na aliyeubuni, Hugo Bollen, alikuwa mhandisi wa migodi. Chini ya ardhi wachimbaji walipita njia panda kwa namba ili wasipotee gizani, naye akaona namba hizo zinaweza kufanya kazi juani pia. Ndiyo hivyo tu. Hakuna satelaiti hapo, ni ubao na rangi.

Na hata kabla ya hapo walikuwa na vibao vifupi vyenye umbo la uyoga, vinakaa chini karibu na ardhi, vya kwanza viliwekwa mwaka 1919. Mwaka huo sisi tulikuwa tunatolewa mkono wa Mjerumani tunatiwa mkono wa Mwingereza, kwa hiyo naomba mtu asiniambie mbona na sisi hatukuweka. Najua mbona.

Nikiwa napita namba zangu ndipo nikaanza ule ugonjwa wa sisi tulio nje, wa kuhamisha kila ninachokiona kwenda kukipanga nyumbani. Kule kwetu Moshi, Kiboriloni ingekuwa namba ngapi? Kidia ngapi? Nikakumbuka mfumo wetu wa vibao, yaani binadamu. Unasimama, unasalimia, unauliza njia ya kwenda Tsuduni. Unaambiwa "hapo tu mbele". Hapo tu mbele ni makorongo mawili na saa moja na nusu, baiskeli begani. Ukimuuliza wa pili anakuambia umepita. Wa tatu anakuuliza wewe ni wa ukoo gani, na ukishamjibu safari imekufa, umeshakalishwa chini ya mgomba na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi.

Sikejeli. Kuna Jumapili huku nimezunguka kilomita 60 na binadamu pekee aliyenisemesha ni huyo wa stika. Namba haikuulizi ukoo. Siku nyingine hilo ni raha, siku nyingine unafika nyumbani unamwongelesha paka.

Lakini tusidanganyane kwamba ule uulizaji wetu unatosha. Watalii wanapita vijijini kwetu kila wiki na baiskeli za milimani, wanapelekwa Materuni, wanapelekwa Marangu, wanafurahi, na wote wako na mwongozaji. Lazima wawe naye, kwa sababu njia iko kichwani mwake, haiko mahali pengine. Sasa niambie kijana wa Soweto au Majengo, mitaa ya Moshi mjini, aliyenunua baiskeli ya mtumba soko la Memorial anapita wapi Jumamosi yake. Mlimani hajui njia. Barabara kuu ya Arusha anaijua, na anajua pia kwamba basi likija nyuma na Fuso likija mbele, yeye ndiye anayetakiwa kushuka kwenye lami. Anapigiwa honi kabla ya kushuka na anatukanwa akishashuka. Mjomba wangu alishushwa hivyo akiwa na mikungu miwili kwenye keria, na kiwiko chake mpaka leo hakinyooki. Dereva alisimama mbele kidogo, akatoa kichwa dirishani, akasema "mzee, angalia barabara".

Nawasikia wadau mmeshaanza. "Amefika juzi, leo anatufundisha." Nimefika miaka kumi na moja iliyopita, na sifundishi mtu, mimi mwenyewe nimedaiwa stika kama mwanafunzi wa darasa la tatu. "Maji ya bomba hayatoki, wewe unaleta habari za vibao vya baiskeli." Haya, nakubali. Ila hayo maji hayatatoka haraka zaidi mimi nikinyamaza kuhusu vibao. "Uholanzi ni tambarare, ndiyo maana." Hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Kigali ni tambarare? Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, na yalikwenda Rwanda, nchi ambayo huwezi kuweka chungwa chini likatulia. Kilima kingekuwa sababu ya kutoendesha, wale wangekuwa wa mwisho.

Na wapo watakaosema Wazungu wamezaliwa na ustaarabu huo. Hawakuzaliwa nao. Mwaka 1971 barabara za Uholanzi ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa habari mmoja, Vic Langenhoff, ambaye binti yake aligongwa akafa, aliandika kwa hasira, na wazazi wakatoka kufunga barabara kwa miili yao, chini ya jina ambalo kwa Kiswahili ni "Acheni Kuua Watoto". Walibishana na serikali miaka. Hiki ninachokipita mimi nikipiga miluzi kilianza na majeneza madogo. Sisi majeneza tunayo. Tunachofanya baada ya mazishi ni kuongeza tuta moja la lami na askari mwenye tochi nyuma ya mti.

Turudi kwa mzee wa koleo, maana nilimwacha vibaya.

Nilipofika nyumbani nikasoma hiyo hela ya stika inakwenda wapi. Inatengeneza njia. Na kazi yenyewe, kuchimba, kusogeza magogo, kufukia pale mvua ilipokula, sehemu kubwa inafanywa na watu wa kujitolea wanaojipanga kwa siku zao. Hapo nikacheka peke yangu jikoni, kwa sababu nilimjua yule mzee. Nimemjua tangu utotoni. Yule ni mzee wa mfongo!

Asiyetoka mlimani labda hajawahi kuuona mfongo. Ni mfereji wa maji uliochimbwa na babu zetu kutoka juu korongoni, ukazungushwa ubavuni mwa mlima, kihamba hadi kihamba, yaani shamba la ukoo hadi shamba la ukoo, bila darubini ya mpimaji wala ramani. Wazungu wa kwanza kufika kwetu karne ya 19 waliikuta na kuistaajabia. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe na mzee wake, na siku ya kuusafisha ikitangazwa unatoka na jembe. Usipotoka, faini, na zamani faini ilikuwa mbege au mbuzi. Huyo mzee alikuwa anakuja hadi uani kuuliza mbona hukuonekana, na hakuwa anaanza na habari za asubuhi.

Na pembeni ya kila mfongo kuna njia ya miguu. Yeyote aliyewahi kuipita na baiskeli anaelewa ninachokisema. Maji hayataki haraka, kwa hiyo yule aliyechimba alitafuta mteremko mdogo kabisa, na njia ikamfuata. Unazunguka mlima mzima chini ya migomba na kahawa, upande mmoja maji, upande mwingine bonde, huchoki, hushiki breki. Tukiwa wadogo breki yetu ilikuwa kandambili tuliyoikandamiza kwenye tairi la nyuma, na kwenye njia ya mfongo ilikuwa inatosha. Kwenye barabara ya kushuka Kiboriloni haikutosha, na kovu ninalo. Wataalamu wa huku wanalipwa kuchora njia yenye mteremko wa namna hiyo. Sisi tumeirithi, halafu tumeweka mabomba, mifongo mingine imekauka, na njia zake zimebaki za bodaboda au zimemezwa na ua wa jirani anayejua kuusogeza hatua moja kila masika.

Kwa hiyo stika nimenunua. Imebandikwa, na ukiniona nayo usinicheke, ninyi nanyi mna za Nenda kwa Usalama kwenye vioo, na njia hamjatengenezewa.

Jana nikampigia mama. Yeye baiskeli yangu ni aibu yake ya kudumu. "Ulikwenda Ulaya kuendesha baiskeli?" ndiyo salamu, na majirani wanaamini namficha gari. Nikamweleza mpango: Desemba, wote tukiwa tumepanda nyumbani kama kawaida, nachukua kopo la rangi nyeupe na vijana watatu, tunaweka namba. Kiboriloni hadi Kidia, halafu kwa njia ya mfongo hadi Tsuduni, pale Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, chifu wetu, mwaka 1900. Ningetaka mtu afike pale kwa miguu yake mwenyewe bila kulipa wa kumwonyesha. Namba kumi na mbili hivi, kwenye nguzo za mgrevilea.

"Nguzo zitaishia jikoni," akasema mama. "Hata wiki hazifikishi."

Nikasema basi tutapaka kwenye mawe.

Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Kumbe anafikiri.

"Sasa mwanangu," akasema, "namba moja mtaiweka getini kwa nani?"

Nikamjibu namba hazina maana yoyote mama, ni za kuonyesha njia tu, huwezi kusema moja ni kubwa kuliko saba.

"Wewe umekaa huko sana," akasema. "Usiniletee ugomvi hapa Krismasi. Anza na sifuri, iweke kanisani."