Injini Hununuliwa, Bodi Je? Gari Kuukuu na Chumvi ya Mombasa

Shemeji yangu anaishi Kisauni na kazi yake iko Changamwe. Kila asubuhi huvuka daraja la Nyali, hukata kisiwa, akatokea Makupa, na jioni hurudi kwa njia ile ile. Gari lake ni Toyota Corolla 110 lenye namba ya KAS, maana yake limekaa kwenye barabara zetu miaka 20 hivi. Mwaka huu limemlaza njiani mara nne: mara mbili lilichemka, mara moja alteneta ilikufa, mara moja pampu ya petroli. Sasa fundi amempigia hesabu ya shilingi 34,000, afungue hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini, aipeleke ikasawazishwe kwa mashine, aweke gaskiti mpya ya kuziba kati yake na injini, na radieta nyingine. Mkewe, ambaye ni dada yangu, amesema imetosha. Anataka liuzwe, wachukue mkopo, waingie kwenye gari jingine. Swali likaletwa kwangu, na kila mmoja alitarajia nimuunge mkono.

Naanza na hoja ya dada, kwa kuwa sisi tunaopenda kuinamia injini huipuuza. Gari lisiloaminika lina gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti yoyote. Likizima juu ya daraja la Nyali saa moja asubuhi, hakuna pa kulisukumia, na foleni yote nyuma yako inakupigia honi. Siku ya kazi imekatika. Watoto wanangoja getini mwa shule mpaka walimu wanaondoka. Dada yangu ameshateremka usiku kwenye gari lililokufa, akasimama kando ya barabara na mtoto mgongoni akitafuta tuktuk. Mtu aliyepitia hayo hawezi kuambiwa kwamba elfu 34 ni pesa kidogo. Hofu hiyo ina thamani yake, na katika nyumba nyingi hulipwa na mke na watoto, huku anayeamua ni mume.

Kuna pia kanuni ambayo watu huirudia: gharama ya kutengeneza ikizidi nusu ya bei ya gari, liache. Mimi siikubali. Hiyo ni hesabu ya kampuni ya bima, ambayo kazi yake ni kuamua kama ikulipe au ilitengeneze. Bei ya sokoni ya gari kuukuu huniambia nitapata nini nikiliuza. Hainiambii litanifaa kiasi gani nikilibakisha. Na fedha zilizokwisha kumwagwa kwenye gari zisiingie kwenye hesabu hata kidogo, ziwe nyingi au chache, kwa sababu hazirudi kwa njia yoyote ile. Cha kulinganisha ni miezi 12 au 24 ijayo ya gari hili na miezi hiyo hiyo ya gari jingine.

Tulikaa tukafanya hesabu hiyo. Shemeji alifungua ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, tukajumlisha alichowalipa mafundi na maduka ya spea kwa mwaka mmoja. Kilikuwa shilingi 61,000. Ukiongeza hizi 34,000, unapata 95,000. Kisha tukaweka mkopo upande wa pili. Tuseme anakopa 600,000 za kujazia, alipe kwa miaka mitatu. Akipata riba ya asilimia 18 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, atalipa karibu 21,700 kila mwezi, yaani zaidi ya 260,000 kwa mwaka. Akiangukia mikononi mwa wanaotoza asilimia 3 kwa mwezi juu ya mkopo wote bila kujali salio, malipo ya mwezi yanafika 34,667. Hapo atakuwa analipa ile bili ya fundi kila mwezi, mara 36. Juu yake kuna bima kubwa, kwa maana mkopeshaji hatakubali gari lake litembee na bima ya mtu wa tatu.

Kwa hiyo kwa upande wa fedha kutengeneza karibu kila mara hushinda. Ndiyo sababu naona hesabu peke yake haitoshi kuamua. Ingetosha, hakuna mtu ambaye angewahi kuacha gari.

Hilo gari jingine nalo linatoka wapi? Wengi wetu hatununui gari jipya. Tunanunua lililochoka kwa mwenzetu. Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama, hivyo wengi wao huona heri wabadilishe. Magari hayo hushukia hapa hapa Kilindini. Sheria ya Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka minane: kwa mwaka 2025, gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 halikuruhusiwa kuingia. Kisha juu ya bei hupandishwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, na VAT ya asilimia 16 inayotozwa juu ya jumla ya hayo yote. Tena KRA, mamlaka ya ushuru, haiangalii ulilinunua kwa bei gani. Inatumia orodha yake ya bei na kupunguza kulingana na umri wa gari. Usipoweza bei hiyo, unarudi kwenye gari lililokwisha kutumika hapa nchini, na hapo unanunua ugonjwa usioujua ili kukimbia ugonjwa unaoujua.

Nimeona watu wakitoka kwenye Toyota ya zamani ambayo kila fundi wa Majengo anaweza kuifungua gizani, wakaingia kwenye gari la giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za hatua kwa hatua. Giaboksi hiyo ikitiwa mafuta yasiyo yake, huharibika, na fundi aliyezoea kabureta hajui hata mafuta yake ni yapi. Haiwi sababu ya kuogopa gari la kisasa. Ni sababu ya kuuliza kwanza nani atalitengeneza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo linaloamua, na ambalo mtu wa Nairobi anaweza asilifikirie. Ni chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi yote miwili hupita juu ya bahari kabla haijatufikia. Gari linalolala nje Nyali au Bamburi hunyunyiziwa chumvi usiku kucha, na unyevu wetu haukauki kabisa. Kisha sisi wenyewe tunaongeza. Maji ya bomba ni ya shida, basi gari tunaliosha kwa maji ya kisima, ambayo ulimi wenyewe unajua yana chumvi. Juu tunafuta kwa kitambaa, lakini chini ya mapaja ya magurudumu na ndani ya vizingiti vya milango maji hubaki, hukauka, na chumvi hukaa pale pale ikila chuma.

Mimi mwenyewe niliachana na gari ambalo injini yake ilikuwa nzima kabisa. Fundi kijana alifungua boneti, akachukua bisibisi, akaisukuma pale shokamzoba inaposhikia kwenye bodi. Ikazama hadi mpini. Akaniambia, "Ami, injini nakutafutia leo jioni. Hii nitakutafutia wapi?" Gari dogo la aina hiyo halina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo chesisi. Ungeweza kuchomelea kiraka cha bati, nami nilishauriwa hivyo, ila bati jipya juu ya kutu huacha unyevu katikati na kutu huendelea kula kwa siri. Siku ya kugongana, chuma cha namna hiyo hakimlindi aliye ndani. Nililiuza kwa ajili ya spea, na sijutii.

Watu wa majahazi pale Bandari ya Kale walilijua jambo hili zamani. Chombo kikivuja hakitupwi, hukalafatiwa kwa pamba na mafuta, na ubao uliooza hung'olewa ukapigwa mwingine. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, ukioza ndipo mazungumzo hubadilika.

Kwa hiyo nilimwomba shemeji tuanzie chini kabla ya kuzungumzia gaskiti. Jumamosi tukainua zulia, tukapiga sakafu kwa mpini wa bisibisi, tukazungusha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye mapaja ya nyuma. Sumaku ikikataa kushika, hapo chini pana puti, si chuma. Paja la kulia la nyuma lina puti la ukubwa wa kiganja. Sakafu upande wa dereva ina kutu ya juu juu, haijatoboka. Vizingiti vinalia vizuri. Pale kwenye shokamzoba ni safi. Gari hili hulala chini ya paa la ghorofa, na nadhani hilo ndilo lililoliokoa.

Kisha tukatazama kule kuchemka. Thamostati, kidude kinachozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ipate joto, haipo. Kuna fundi aliyeing'oa zamani kwa imani kwamba joto la Pwani halihitaji kidude hicho, na imani hiyo imeenea sana. Bila thamostati, injini hukimbia ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa barabara ikiwa wazi, hula mafuta zaidi, na radieta iliyoziba hujificha mpaka siku ya foleni. Ndani ya radieta mlikuwa na maji ya kisima. Maji yale yale ya chumvi yamekuwa yakizunguka ndani ya hedi ya aluminiamu kwa miaka, nayo aluminiamu huliwa na chumvi taratibu, hasa pale gaskiti inapokaa. Kuchemka mara mbili, basi, ni ugonjwa mmoja ambao haujawahi kutibiwa, na fundi yeyote angebadilisha gaskiti bila kubadilisha maji, angeitwa tena baada ya miezi michache.

Nilimwambia dada yangu ukweli: yeye ana haki juu ya hofu yake, lakini gari hili halijafika mwisho. Lingekuwa na bodi kama ya lile langu, ningesimama upande wake hata kama injini ingekuwa mpya. Na kama wangefika siku ya kuliuza, nilimsihi shemeji amweleze mnunuzi habari ya hedi waziwazi, na ahamishe umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, siku hiyo hiyo, asiachie gari likatembea mjini kwa jina lake.

Wamekubaliana hivi. Hedi inafunguliwa, thamostati inarudi, radieta inajazwa kulanti, dawa maalumu ya kupoza injini, badala ya maji ya kisima, na mipira yote ya maji inabadilishwa pamoja na mkanda wa taimingi, ambao hakuna anayekumbuka ulibadilishwa lini. Bili imepanda hadi 47,000. Kila mwezi wataweka 15,000 kwenye sacco, kana kwamba wanalipa mkopo, ili siku ya kubadilisha wasikope zote. Dada ameweka sharti: likimlaza mtu njiani tena kabla ya Desemba, linauzwa bila kikao kingine. Shemeji amekubali, na mimi ndiye shahidi.

Zulia bado limeanikwa uani. Nimewaambia wasilirudishe mpaka ile kutu ya sakafuni ikwanguliwe na kupakwa rangi ya kuizuia.