Saratani ya umio: tusiidharau stenti

Ndugu wa mgonjwa wa saratani ya umio wakiambiwa hapasuliwi, anawekewa stenti, wengi husikia jambo moja tu: daktari ameshakata tamaa. Harambee inaanza, apelekwe Nairobi, ikiwezekana India, akapasuliwe.

Wanaotetea upasuaji wana hoja. Stenti ni bomba la waya linalotanuka na kuzibua njia ya chakula. Uvimbe unabaki palepale. Kuponya ni kazi ya upasuaji, au ya mionzi pamoja na kemo, yaani dawa za kuua saratani. Wao hupenda kutaja utafiti wa CROSS wa Uholanzi, uliochapishwa 2012: nusu ya waliopewa kemo na mionzi kisha wakapasuliwa waliishi zaidi ya miezi 49, dhidi ya miezi 24 kwa waliopasuliwa tu.

Lakini waliingia utafiti huo akina nani? Aliyepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake hakupokelewa. Mtu wa kilo 60 akifika 53, hayumo. Sasa mfikirie mgonjwa wa Bomet anayekuja akiwa ameshaacha ugali, uji unamshinda, na siku nyingine hata mate hayapiti. Huyo umfungue tumbo na kifua, uondoe umio, uvute mfuko wa chakula hadi shingoni, kisha uombe pale mlipounganisha pasivuje? Miezi 49 haikuhesabiwa kwa watu kama yeye.

Hospitali ya Tenwek, hukohuko Bomet, imeweka stenti nyingi kwa endoskopi, mrija wenye kamera unaopitishwa kooni, bila kutegemea eksirei. Mgonjwa huweza kuanza kumeza tena upesi, naye anarudi kula na watu wake badala ya kulishwa kwa mrija wa tumboni. Stenti yenye kifuniko huziba pia tundu kati ya umio na njia ya hewa, lile linalopitisha chai hadi mapafuni.

Kasoro zipo: maumivu ya kifua, stenti kuhama, kuvuja damu. Utafiti wa Uholanzi wa 2004, wagonjwa 209, ulionyesha stenti inaleta nafuu haraka, ila mionzi ya ndani ya umio huidumisha zaidi, tena kwa matatizo machache. Sawa, lakini mashine za mionzi hiyo ziko hospitali ngapi za kaunti?

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa upasuaji wasibishiwe: anayeweza kupona asiwekewe stenti kwa haraka kabla ya CT skani. Kwa hiyo kabla ya harambee, ndugu wamuulize daktari mgonjwa amepungua kilo ngapi, na skani inaonyesha ugonjwa umefika wapi.