Atelaji ya gari la kifahari haichomelewi, inafungwa

Mvua zinapokaribia, wakazi wengi wa Lubumbashi wenye mashamba upande wa Kipushi na barabara ya Kasenga huanza kutafuta remoki, yaani tela la kuvutwa na gari. Mbolea iende, mbegu ya mahindi iende, tanki la maji na jenereta viende. Gari la kuvuta lipo uani: Land Cruiser, Lexus au Range Rover. Kinachokosekana ni atelaji, kile chuma cha nyuma chenye tufe la kushikia remoki. Basi mtu aliyelipa makumi ya maelfu ya dola kwa gari lake anakwenda kwa fundi wa kuchomelea, anaomba kipande cha bomba la mraba na tufe, na jioni anarudi nyumbani ameridhika. Napinga jambo hili kwa moyo wote.

Sina ubaya na mafundi wetu. Mageti yao yanadumu miaka, na bila wao mji huu usingekuwa na milango. Lakini geti halikimbii kilomita themanini kwa saa kwenye barabara moja na malori ya shaba yanayoshuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Chuma cha gari la kisasa kimepewa nguvu yake kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukikichoma upya, sehemu ya kando ya mchomo hupoteza nguvu au hukakamaa ikawa rahisi kupasuka, rangi ya ndani huungua, na kutu huanza mahali ambapo jicho halifiki. Tena umeme wa kuchomelea, betri ikiwa haijafunguliwa, unaweza kuua kompyuta za gari. Na Range Rover ya kizazi kilichoanza 2012 mwili wake ni alumini, haina hata ile shasi ya ngazi, fremu ya chuma iliyo chini ya mwili wa gari, kama ya Land Cruiser. Hapo unachomelea nini juu ya nini?

Atelaji inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mfano wa gari lako, inayokaa kwenye sehemu ambazo kiwanda kimeziandaa. Boliti zake ni zile zenye alama 8.8 au 10.9 kichwani, zinakazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi iliyokuja nayo. Ukishavuta kama kilomita 1000, unarudi kuzikagua. Kwa barabara zetu za vumbi jekundu na mashimo, mimi ningerudi mapema zaidi.

Katika kuchagua, anza na mzigo, gari baadaye. Watu wanajisifia injini kubwa ya V8, kana kwamba shida ni kuvuta. Shida ni kusimama. Land Cruiser 200 imeruhusiwa kuvuta hadi kilo 3500, lakini ikiwa tu remoki ina breki zake yenyewe. Remoki isiyo na breki mwisho wake ni kilo 750. Sasa piga hesabu: tanki la lita 1000 likijaa maji ni tani nzima, kabla hujahesabu uzito wa remoki yenyewe. Tanki hilo juu ya remoki isiyo na breki limeshapita kiwango, hata gari liwe na nguvu namna gani.

Kwenye atelaji ya kweli kuna kibati chenye namba mbili za kusoma. Ya kwanza ni D, nguvu ambayo chuma hicho kinastahimili kati ya gari na remoki. Gari la tani 3.2 likivuta remoki ya tani 2.5, unazidisha hizo mbili, unagawanya kwa jumla yake, kisha unazidisha kwa 9.81: unapata karibu 13.8 kwa kilonyutoni, kipimo cha nguvu. Kibati kikiandika chini ya hapo, atelaji hiyo haifai mzigo huo. Namba ya pili ni S, kilo zinazoruhusiwa kukandamiza tufe kutoka juu. Ukirundika magunia yote mbele ya remoki, utaipita bila kujua. Ukiyarundika yote nyuma, remoki itaanza kuyumba na kulitikisa gari zima.

Tufe nalo lina kipimo. Remoki zinazopandishwa kutoka Afrika Kusini hushika tufe la milimita 50. Vifaa vya Marekani vina matufe ya milimita 47.6, 50.8 au 58.7. Tufe la 47.6 linaingia vizuri kabisa kwenye kichwa cha remoki cha 50, linajifunga, na kwenye shimo la kwanza kubwa linaweza kuchomoka.

Umeme ndio unaowatesa wenye magari haya. Land Cruiser ya zamani ilikubali uunge nyaya za taa za remoki kwenye taa za nyuma. Magari ya sasa yanapima kila taa kwa kompyuta. Ukiunga ovyo, dashibodi inajaa maonyo. Unahitaji moduli, kisanduku cha umeme cha taa za remoki kinachoendana na gari hilo, kisha fundi mwenye mashine ya kompyuta alijulishe gari kwamba sasa lina remoki. Bila hivyo, sensa za kurudi nyuma zitalia bila kukoma, na ule mfumo wa kutuliza remoki inapoyumba hautafanya kazi.

Mimi ningechukua atelaji yenye shingo ya kuchomoa, ile sehemu inayobeba tufe. Ile isiyochomoka hukwaruza ardhi kila unapotoka kwenye bonde, na mjini huumiza miguu ya wapita njia. Ila kabla ya kulipa, lala chini ya gari uone kama tairi ya akiba bado inaweza kushuka. Na garaji isiyoweza kukuonyesha kile kibati, iache, hata kama itabidi usubiri wiki kadhaa mzigo upande kutoka Johannesburg. Mbolea inaweza kukodiwa kamioneti, yaani pikapu, msimu huu.