Mtoto wa mkuu wa stesheni na vijana wetu wa penseli

Hapa Tabora kijana akiweza kunakili sura ya mteja kutoka kwenye simu, kwa kugawa picha na karatasi katika miraba, hadi kila unywele ukakaa mahali pake, tunamwita fundi. Na ni fundi kweli. Ila panga kazi za watano, ficha sahihi zao, uniambie nani kachora ipi. Huwezi. Ugomvi wangu nao uko hapo.

Mchoraji Egon Schiele wa Austria alizaliwa mwaka 1890 palepale stesheni ya Tulln, ambako baba yake alikuwa mkuu wa stesheni, na utotoni alichora treni bila kuchoka. Sisi tuliokulia kwenye njia panda ya reli za Kigoma na Mwanza tunamwelewa. Mwaka 1906, ana miaka 16, akaingia Chuo cha Sanaa cha Vienna. Michoro yake ya miili ya miaka hiyo ni safi: vipimo sawa, vivuli sawa. Lakini yeye mwenyewe hayumo. Ukiambiwa ni ya mwanafunzi mwenzake, utakubali.

Chuo akakiacha mwaka 1909. Mwaka uliofuata akasimama mbele ya kioo akajichora uchi: mbavu nje, viwiko vimechongoka, ngozi ina wekundu na kijani kama ya mgonjwa, na nyuma yake karatasi tupu. Hakuna kiti wala ukuta wa kuegemea. Wapo wanaosema alijipenda kupita kiasi. Haya, lakini anayejipenda si angejichora mzuri? Mimi namwona kijana aliyefiwa na baba akiwa na miaka 14, anajiuliza yeye ni nani, na jibu likiwa baya halifichi.

Simtakasi. Mwaka 1912 alikaa mahabusu siku 24, na kosa alilotiwa hatiani ni kuacha michoro ya utupu mahali watoto walipoweza kuiona. Hilo sina la kulitetea.

Vijana wetu wasiache picha za simu, maana kodi ya kibanda lazima ilipwe. Wajichore tu na wenyewe, kwa kioo, bila miraba. Nani atanunua? Pengine hakuna. Schiele mwenyewe alipata soko la maana katika maonyesho ya Machi 1918, na Oktoba mwaka huohuo homa ya mafua ikamwua, ana miaka 28. Lakini mkizibandika vibandani, semeni. Nitapita kuzitazama.