Mshukiwa wa Jogoo Road

Nairobi hii, mwanamume akipita na mtoto mdogo bila mama yake karibu, watu huwa na maoni mawili tu. Ama huyo ni baba wa ajabu anayestahili kuombewa dua, ama ameiba mtoto. Hakuna anayewazia jambo la kawaida, kwamba labda mama yuko kazini na nywele za mtoto zinatakiwa zisukwe kabla ya Jumatatu.

Nina msimamo wangu kuhusu mambo haya, na wanaonijua wamechoka kuusikia. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 53, inasema malezi ya mtoto ni jukumu la baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Sasa nenda kliniki ujionee. Kijitabu unachopewa ni cha mama na mtoto; baba hatajwi hata kwenye jina lake. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo ilimpa mama miezi mitatu ya likizo, baba wiki mbili. Zangu nilizimaliza nikipokea wageni na kuwaonyesha choo kilipo.

Kwa hivyo mke wangu alipopangiwa zamu ya Jumamosi, akasema atamwomba dada yake ampeleke mtoto kusukwa, nilikataa katakata. Nikasema nitampeleka mwenyewe. Alinitazama kidogo, kisha akauliza, "Kusukwa kichwa?" Nikamwambia sijui kiungo kingine kinachosukwa.

Binti yetu ana miaka mitano na amepewa jina la mama yangu, hivyo kwa desturi ya kwetu sisi hatumwiti jina. Tunamwita Shosho, yaani nyanya. Nikiwa na shida naye, namwita Mama. Cheo hicho amekipokea kikamilifu: anakunja mikono akiketi, analalamika kwamba chai haina moto, na neno ukishalitamka mbele yake hulisahau wewe, yeye hasahau.

Tukaenda Kenyatta Market. Kwa asiyelijua, soko hilo liko karibu na Hospitali ya Kenyatta na limepata sifa kwa vitu viwili, ususi na nyama choma. Aliyeviweka pamoja aliielewa ndoa vizuri. Mke anakaa kusukwa, mume anakaa na kachumbari, jioni wanakutana kila mtu ametosheka. Wasusi huanza kukudaka kabla hujafika langoni: "Customer kuja! Mrembo kuja! Matuta, uzi, tunasuka!" Kwa kawaida wanaume hupita hapo bila kuonekana na mtu. Siku hiyo nilikuwa nimemshika Shosho mkono, nikazingirwa.

"Wueh! Oneni baba! Mungu akubariki sana. Na mamake ako wapi?"

Hata baraka zenyewe zilikuja na swali. Mmoja alisema mumewe hajui watoto wako darasa gani. Mwingine alitaka kujua kama nina ndugu ambaye hajaoa. Nikatembea kifua mbele hadi kibandani.

"Tumsuke matuta mangapi?" msusi akauliza.

"Ya kutosha kichwa," nikasema.

Wakaelewana wenyewe. Pale kichwa kimoja hakisukwi na mtu mmoja, wanagawana. Wa kushoto alikuwa na mikono ya umeme. Wa kulia alikuwa kwenye simu, akibishana na mtu kuhusu kodi ya nyumba, na kwa yale niliyoyasikia haki ilikuwa upande wake. Nikalipa mia tatu, nikamwekea Shosho katuni kwenye simu yangu, naye akatulia tuli. Ndipo harufu ikanifikia. Nikasogea kidogo kwenda kuangalia nyama. Nilisema kuangalia.

Mbavu zilikuwa ndiyo kwanza zimekatwakatwa ubaoni niliposikia mayowe. Simu ilikuwa imezima, chaji imeisha, na katuni ikaisha nayo kabla sungura hajaokolewa. Nilifika mbio nikiwa bado na mfupa mkononi. Shosho alikuwa ameshuka kigodani, amekumbatia nguzo ya kibanda. Upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa wa kupeleka shule ya kifahari. Upande wa kulia ulikuwa umesimama wote, kila unywele na mawazo yake.

"Nilikuwa tu nakuja," akasema yule msusi wa kulia, simu bado sikioni.

Tulijaribu soda. Tulijaribu kipande cha nyama. Msusi wa kushoto alijaribu kuimba. Hapo nikatoa silaha ambayo kila baba wa nchi hii amerithi kwa babake: "Ukiendelea kulia, mimi si babako!"

Msinihukumu. Babangu alinikana hivyo utoto wangu wote, na shamba bado amenigawia.

Shosho alinyamaza papo hapo. Akafuta machozi kwa kiganja, akanitazama kwa muda mrefu, kama karani anayeweka karatasi kwenye faili. Nikaona nimeshinda. Kukaa tena kigodani alikataa, lakini kwenda nyumbani alikubali, na mia tatu haikurudi.

Matatu ya kwanza hadi mjini alilala. Karibu na Muthurwa tukapanda ya Umoja, ya abiria kumi na wanne, ambao siku hiyo walizidi. Marehemu John Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi, alipoleta sheria zake za matatu mwaka 2004 alituachia mikanda na mstari wa manjano. Mstari bado upo. Tukaingia Jogoo Road, na tulipofika City Stadium msongamano ukatushika, magari yakasimama. Shosho akaamka. Akajiona kwenye kioo cha dirisha. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia, kisha akavuta pumzi.

"Nataka mamaaa!"

Kiti cha nyuma yetu alikaa mama mmoja wa makamo, kikapu mapajani. "Huyu mtoto analilia nini?"

"Nywele," nikasema.

"Nani amemwacha hivyo?"

"Katuni iliisha."

Ukilisikia jibu hilo bila kuijua habari nzima, kweli halipendezi.

"Na mamake ako wapi?"

"Kazini."

"Mmh," akasema, na hiyo mmh ikapita kiti kwa kiti mpaka kwa dereva. Nikainama kwa upole. "Shosho, nyamaza, tumekaribia."

"Amemwita nani?" akauliza kijana wa dirishani.

"Shosho."

"Mtoto mdogo hivi ni shosho wa nani?"

"Ana jina la mama yangu," nikaeleza.

"Kwa hivyo huyu ni mama yako?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

Makanga akaacha mlango, akaja akachuchumaa mbele ya binti yangu. "Mrembo, usiogope. Huyu ni babako?"

Shosho akafikiri. Ni mtoto mkweli, tumemlea hivyo.

"Amesema si babangu."

Dereva akazima muziki. Mgeni wa jiji hili hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Muziki wa matatu hauzimwi kwa ajili ya polisi wala kwa ajili ya mazishi.

Maswali yakaanza. Tarehe ya kuzaliwa niliitaja bila kusita, na hakuna aliyenipigia makofi. Mwalimu wake anaitwa nani? Nikasema yule mrefu. Anavaa kiatu namba ngapi? Nikasema ndogo. Anapenda chakula gani? Hapo nilikuwa na uhakika.

"Chapati!"

"Kila mtoto anapenda chapati," akasema mama wa kikapu. "Hiyo hata mwizi anajua."

Picha zote za familia zilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa imekufa. Kijana wa dirishani alitoa waya wa chaji na kibetri chake cha mkononi, kisha tundu likakataa. Akanitazama kana kwamba simu yangu nayo nimeiba. Mtu akasema twendeni polisi. Mzee mmoja aliyevaa koti la suti akapinga: polisi ya nini, na hapo mbele kuna mahakama ya Makadara? Tuanzie huko moja kwa moja. Akakumbushwa kwamba ni Jumamosi, akasikitika kwa dhati.

Nikaona njia iliyobaki ni sheria. Nikawaambia kwamba kwa mujibu wa Ibara ya 53 ya Katiba, mimi na mama yake tuna jukumu sawa.

"Mnasikia?" akasema mama wa kikapu. "Mtu hakariri sheria hivyo kama hajawahi kushtakiwa."

Mzee wa koti alikuwa mwenye haki kidogo. Aliniomba nigeuke upande, akamgeuza Shosho upande, akavaa miwani. "Masikio yanaenda," akatangaza. "Pua, sisemi kitu."

"Apigiwe mamake," makanga akakata shauri, akanipa simu yake. Nikaipokea, nikaangalia vile vitufe. Nawauliza ninyi mnaosoma, na mjibu kwa ukweli: nani siku hizi anajua namba ya mkewe kwa kichwa? Ya mwenye nyumba wetu wa zamani naijua. Ya duka la gesi naijua.

"Mimi naijua," akasema Shosho.

Naye akaiimba. Mama yake alikuwa amemtungia kawimbo ka zile namba, ili aimbe siku akipotea. Aliimba polepole, makanga akibonyeza, na katikati akamrudisha nyuma kwa sababu alikosea sita. Simu ikalia kwa sauti ya nje, matatu nzima imekaza shingo.

"Halo mama. Niko kwa gari hapa City Stadium. Kuna mwanamume tumemshika, ako na mtoto msichana, amesukwa upande mmoja..."

Kimya. Kisha ikasikika pumzi ndefu ya mke wangu, ile ninayoijua.

"Amefanya nini tena?"

Matatu ililipuka. Kijana wa dirishani alipiga paji la uso kwenye kiti cha mbele kwa kucheka. Mzee wa koti akavua miwani, akatoa hukumu: "Ni bwana yake. Sauti hiyo ni ya ndoa." Dereva akarudisha muziki, kwa nguvu kuliko mwanzo. Hakuna aliyeniomba radhi, na sikutegemea.

"Lete huyo mtoto," akasema mama wa kikapu.

Kutoka kwenye kikapu akatoa kichanio na kichupa cha mafuta. Kumbe ni msusi, ana kibanda chake Umoja. Akampakata Shosho, akampa simu yake yenye chaji, akaanza upande wa kulia huku magari yakisogea hatua mbili na kusimama. Mtoto aliyekumbatia nguzo Kenyatta Market alikaa pale bila hata kukohoa. Kila tulipopanda tuta la barabarani, tuta la kichwani liliruka pembeni, na pale matatu ilipokata kona kuingia Outer Ring, nywele nazo zikakata kona. Ukizitazama vizuri unaweza kuisoma njia yote tuliyopita.

"Mia na hamsini," akasema tulipokaribia kushuka.

Nikasema nilishalipa kichwa kizima kule sokoni. Makanga akanigusa bega. "Buda, lipa. Jina lako bado halijasafishwa vizuri." Sikuwa na kitu zaidi ya nauli, na M-Pesa ilikuwa imelala ndani ya simu iliyozima. Mama wa kikapu akasema nisijisumbue, namba ya mama mtoto ipo kwa makanga. Akaichukua, akapiga, wakaongea muda mrefu kuliko mia na hamsini inavyohitaji. Nilisikia akisema, "Eh, si unajua hao." Pesa ikaingia kabla hatujashuka.

Jioni mke wangu alimsimamisha Shosho chini ya taa, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia.

"Hivi ni vichwa viwili?"

"Huku ni Kenyatta Market," nikamwonyesha. "Huku ni Jogoo Road."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha Shosho akamsimulia yote upya kwa mpangilio wake, akianzia pale nilipomkana na kumalizia kwa mfupa.

Tatizo ni kwamba wale wawili hawajaacha kupigiana simu. Mama wa kikapu hupiga kuulizia "yule mshukiwa anaendeleaje," na mke wangu humjibu kwa kirefu. Sasa wako kwenye chama kimoja, na nasikia kikao cha kwanza ajenda ilikuwa mimi. Jumamosi hii wanakuja kwetu kwa chai. Nimeagizwa ninunue mkate na maziwa, halafu nimtoe Shosho matembezi ili wapate nafasi ya kuongea. Nimekubali, ila nikitoka na huyo mtoto, cheti chake cha kuzaliwa kitakuwa mfukoni.