Simu Ambayo Betri Yake Haitoki

Mwezi Machi shangazi yangu alinipigia kutoka Tanga kwa simu ya jirani yake, na nilipokwisha kumwamkia akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza ugonjwa wa mtoto, "Mwanangu, simu yangu imenenepa." Nilipofika kwake siku chache baadaye nilikuta neno lake ni sahihi kabisa. Mfuniko wa nyuma ulikuwa umeinuka upande mmoja kiasi cha kupitisha ukucha, na kioo kilikuwa kimeanza kuachana na fremu yake. Betri ilikuwa imevimba. Simu yenyewe ilikuwa na umri wa miaka miwili na miezi michache, na kila kitu kingine ndani yake kilikuwa kizima: kamera, spika, laini zote mbili, na majina ya wateja wake wa vitumbua ambao siku hizi humlipa kwa simu zaidi ya wanavyomlipa kwa noti.

Tuliipeleka kwa fundi, naye akatueleza kwa upole kwamba kazi ile haifanyiki papo kwa papo. Ilimbidi aupashe mfuniko joto ili gundi ilegee, auchokonoe kidogo kidogo kwa kipande chembamba cha plastiki asije akakata waya, kisha aing'oe betri iliyogandishwa kwa gundi nyingine, akijua kwamba bisibisi ikiitoboa inaweza kutoa moshi na moto usoni pake. Spea ilibidi iagizwe Dar es Salaam. Kwa hiyo shangazi alitakiwa kuiacha simu hapo siku tatu, pamoja na namba ya kuifungulia, ili fundi akimaliza aweze kuijaribu. Sikupata kuona uso wake umejaa wasiwasi kama siku ile. Ndani ya simu ile mlikuwa na ujumbe wote wa miamala yake, picha za wajukuu, na deni la kila mtu anayekopa vitumbua asubuhi. Fundi alikuwa mtu mwaminifu na hakuna kilichopotea, lakini uaminifu wake ulikuwa bahati yetu, kwa maana aliyetengeneza simu hakuweka chochote cha kumlinda mama huyu katika siku tatu hizo.

Tangu hapo nimeshikilia maoni ambayo nataka kuyaeleza wazi: simu ambayo mwenyewe hawezi kuitoa betri yake ni bidhaa iliyouzwa nusu, na nchi zetu za Afrika Mashariki zina kila sababu ya kuwataka watengenezaji na waagizaji waimalizie ile nusu nyingine.

Nasema hivyo kwa sababu betri si kiungo cha kudumu, na wanaoitengeneza wanalijua hilo kuliko sisi. Betri ya lithiamu, ambayo kampuni ya Sony iliingiza sokoni mwaka 1991 na ambayo waasisi wake watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, huchakaa kila inapochajiwa. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kwa simu kimekuwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko kamili 500 ya kuchaji. Mtu anayemaliza chaji nzima kila siku hufika hapo kabla ya mwaka mmoja na nusu. Joto nalo huongeza kasi ya kuchakaa, na sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa kuhusu joto: simu hukaa kwenye dashibodi ya daladala, kwenye usukani wa bodaboda juani saa saba mchana, na pembeni ya jiko la mkaa kama ile ya shangazi. Betri ni kama tairi la baiskeli. Hakuna mtu angekubali kununua baiskeli ambayo tairi zake zimeunganishwa na fremu kwa gundi, akaambiwa kwamba zikiisha kilichobaki ni kununua baiskeli nyingine.

Wala hatuzungumzii jambo lisilowezekana, kwa kuwa wengi wetu tumeliishi. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ndiyo iliyowafanya watu wengi vijijini kumiliki simu kwa mara ya kwanza, na tochi yake iliwaka pale ambapo umeme haukuwa umefika. Mfuniko wake ulifunguliwa kwa kidole gumba. Betri yake, BL-5C, iliingia katika simu nyingine nyingi, na mpaka leo redio ndogo za mkononi zinazouzwa masokoni hutumia betri ya umbo lile lile. Familia yenye simu mbili na betri tatu ilikuwa na akiba. Mtu aliyechaji betri ya pili mjini aliweza kwenda nayo shamba ikiwa mfukoni, bila kutafuta umeme kwa siku kadhaa.

Kuna tofauti moja ya kihistoria ambayo naiona inaeleza suala hili kuliko hoja yoyote. Mwezi Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri zipatazo milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita ya Japani zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji. Wateja waliambiwa waitoe betri, wasome namba iliyoandikwa juu yake, na kama ni miongoni mwa zilizotajwa wapatiwe nyingine bure, huku simu ikibaki mikononi mwao. Miaka tisa baadaye, mwaka 2016, Samsung ilipata shida ya betri katika Galaxy Note 7, ambayo betri yake ilikuwa imefungwa ndani. Simu zipatazo milioni 2.5 zilirudishwa zikiwa nzima, zilizotolewa badala yake nazo zikaanza kuwaka, mashirika ya ndege yakakataza abiria kuingia nazo, na mwezi Oktoba utengenezaji wa simu hiyo ukasitishwa kabisa. Hitilafu zote mbili zilikuwa za betri, ila katika ile ya kwanza kulikuwa na mfuniko unaofunguka.

Wanaotetea betri za kufungwa ndani husema kwamba bila hivyo simu haiwezi kuwa nyembamba wala kuzuia maji. Hoja ya wembamba naielewa, ingawa shangazi hakuwahi kulalamika kwamba simu ni nene mpaka ilipovimba. Hoja ya maji haisimami vizuri, kwani Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilithibitishwa kuhimili maji huku betri yake ikitoka kwa mkono, na Samsung hiyo hiyo inaendelea kutengeneza simu za XCover kwa ajili ya watu wa kazi ngumu, zinazohimili maji na vumbi na bado betri zake zinatoka. Iliyofuata mwaka 2015, S6, ilikuja imefungwa, na soko zima likaelekea huko ambako iPhone ilikuwa tangu ilipozaliwa mwaka 2007.

Sababu yenye uzito zaidi ya kuzifunga betri ndani, kwa maoni yangu, ilijitokeza kati ya mwaka 2017 na 2019. Mwezi Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochakaa ili zisizime ghafla. Watu walikasirika, na kampuni ikashusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Halafu, tarehe 2 Januari 2019, mkuu wa kampuni hiyo, Tim Cook, aliwaandikia wawekezaji kuwaeleza kwa nini mapato yangekuwa chini ya matarajio, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni kwamba baadhi ya wateja walitumia nafasi ya betri za bei nafuu. Nikisoma barua hiyo naona kilio cha shangazi kikithibitishwa na mtu wa upande wa pili wa meza. Betri ikipatikana kwa bei ya haki, watu hawanunui simu mpya, kwa sababu simu waliyonayo bado inafaa.

Na kila simu mpya isiyohitajika ina mzigo wake mahali fulani. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, madini yanayotumika katika betri nyingi za simu, hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga, ambako Kolwezi na Lubumbashi watu huzungumza Kiswahili hiki hiki tunachosoma hapa. Sehemu yake huchimbwa na wachimbaji wadogo kwa sururu na koleo, ndani ya mashimo yasiyo na nguzo. Huko mwisho wa safari, ripoti ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana. Simu ya shangazi ilikaribia kuingia katika hesabu hiyo kwa sababu ya kipande kimoja cha bei ya shilingi 35,000.

Ulaya wameamua kutosubiri hisani ya kampuni. Kuanzia tarehe 20 Juni 2025, simu zinazoingia katika soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa ziwe na betri inayobaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800, na spea muhimu zipatikane kwa miaka 7 baada ya aina hiyo ya simu kuacha kuuzwa. Sheria yao ya betri ya mwaka 2023 inaongeza kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri ndogo za vifaa ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kwa zana za kawaida, bila kutumia joto wala kemikali ya kuyeyushia gundi. Wameacha mlango kwa simu zisizopitisha maji ambazo betri zake zinadumu sana, nami ningependa mlango huo uwe mdogo zaidi, lakini mwelekeo ni sahihi.

Wapo watakaosema kwamba basi na sisi tutanufaika bila jasho, kama ilivyotokea kwa chaja ya USB-C, ambayo Ulaya iliilazimisha na iPhone 15 ikaja nayo dunia nzima mwaka 2023. Sina uhakika kwamba tutegemee hilo. Simu nyingi zinazouzwa Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi na Kampala zimetengenezwa kwa ajili ya masoko ya Afrika na Asia, na sheria ya Umoja wa Ulaya haimgusi mtengenezaji asiyepeleka bidhaa zake Ulaya. Anayeweza kumgusa ni sisi. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchini kote, na Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2012. Serikali iliyoweza kuifikia simu mfukoni mwa mwananchi na kuizima inaweza, kwa urahisi zaidi, kumwambia mwagizaji bandarini kwamba kila aina ya simu anayoingiza iwe na betri inayofunguka bila joto, au kwa uchache iwe na spea halisi zitakazopatikana nchini kwa miaka 5 kwa bei iliyotangazwa.

Sheria kama hiyo isipomtaja fundi itakuwa na upungufu. Mafundi wetu wamejifunza kwa macho, kwa kuharibu na kutengeneza, na kwa video za usiku, bila mtengenezaji yeyote kuwapa mchoro wa bodi. Zipo simu ambazo programu yake huitambua kila spea kwa namba, kiasi kwamba betri halisi iliyotolewa katika simu nyingine ya aina ile ile huleta onyo kwamba haitambuliki, na mteja humwona fundi kuwa ni tapeli. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipiga marufuku mtindo huo kwa sheria ya mwaka 2024. Kijana aliyekaa kwenye kibanda chake pale Tanga anastahili ulinzi huo huo, na michoro, na spea isiyokuwa ya kubahatisha.

Simu ya shangazi ilirudi siku ya nne, nyembamba kama ilivyokuwa, na gundi mpya ikionekana kidogo pembeni. Inakaa na chaji mpaka jioni. Fundi alimwonya kwamba sasa isiingie maji hata tone, na kwamba betri hii nayo, kwa kuwa ni ya kuagizwa na hana njia ya kujua ilikaa ghalani muda gani, huenda isifike miaka miwili. Nimeanza kumtafutia simu nyingine mapema, na katika kila duka ninaloingia naomba kwanza kuonyeshwa jinsi mfuniko wa nyuma unavyofunguka, kabla hatujazungumza habari za kamera wala bei.