Sikuwa naiba rimu, nilikuwa naiosha

Wale mliokwisha kuiona ile picha kwenye magrupu, yule jamaa aliyelala ubavu kwenye vumbi, mkono umezama ndani ya tairi mpaka kiwiko, ni mimi. Maneno ya chini yake, "Mwizi wa rimu anaswa Mikindani alfajiri", si yangu. Ni ya rafiki yangu, na nitawaambia sasa hivi kwa nini hajasema yeye mwenyewe alikuwa amesimama wapi.

Juzi Jumamosi, harusi ya shemeji. Gari la bwana harusi ni Crown, rimu nyeusi za kung'aa, inchi 17. Kazi ya kuliosha nilijiteua, kwa sababu ukoo mzima umeshachoka na mahubiri yangu ya brashi na hakuna aliyethubutu kuligusa mbele yangu. Alhamisi lilikuwa Newala kufuata ndugu, likarudi na vumbi jekundu. Ijumaa vijana wakalipeleka Msimbati kupigia picha, maana kule unaendesha mpaka ufukweni, likarudi na mchanga umejaa kwenye matundu ya nati. Chini ya hayo yote kuna yale masizi ya breki, ambayo kwa kweli si masizi, ni unga wa chuma unaosagika kwenye diski, ile sahani ya breki inayozunguka na tairi, na pedi zinazoibana. Rimu ya namna hiyo ukiigusa na brashi kabla ya maji, hata brashi iwe ya manyoya ya malaika, utaichuna tu, kwa kuwa kinachochuna ni mchanga ulioubeba. Kwa hiyo maji kwanza, mengi, kutoka juu kushuka, mpaka yanayodondoka yawe meupe. Na rimu iwe ya baridi. Iliyotoka safarini hukausha sabuni kabla haijafanya kazi, ikaacha madoa.

Brashi yenyewe niliizungukia maduka ya Mtwara mjini wiki nzima. Ya kufulia, hapana. Ya choo, muuzaji ananiapia ni mpya kabisa, na bado hapana: unywele wake mgumu na umekatwa bapa, kila ncha ni patasi ndogo. Unachotaka ni ncha zilizochanuka, kama mswaki uliochakaa. Natembea na CD ya zamani mfukoni. Nasugua ule upande unaong'aa mara ishirini, kavukavu, halafu naielekeza juani. Plastiki ya CD inachunika upesi kuliko rangi ya rimu, kwa hiyo brashi ikiiacha salama, rimu haina wasiwasi. Ikiweka mistari, naomba radhi nairudisha rafuni. (Kuna duka moja sasa wakiniona wanafunga nusu ya mlango.)

Brashi ya kuoshea chupa za mtoto ilifaulu manyoya ikafeli mfupa. Katikati ina waya uliosokotwa, na ncha ya waya inachungulia mbele. Umeiingiza nyuma ya rimu, hujui inagusa nini, unasikia tu "kwaruu". Za manyoya ya nguruwe nazo zinasifiwa sana, lakini hebu nenda wewe Mikindani ukaoshe gari la ndoa kwa nguruwe, halafu uje unisimulie.

Nikaishia kwenye brashi ya rangi ya inchi mbili, nailoni laini. Lile bati lake nikalizungushia selotepu nyeusi ya umeme raundi tatu, maana unapozungusha brashi kwenye nati, bati ndilo linalogonga rimu. Hiyo ni ya uso na matundu ya nati. Kwa ndani nilikuwa nimeagiza Dar fimbo nyembamba iliyovikwa sufu, inayopita mpaka nyuma ya kalipa, kile chuma kinachoshika pedi za breki. Jumamosi asubuhi fimbo bado ilikuwa ndani ya basi. Nilichokuwa nacho ni glavu ya sufu ya kondoo, nene, inayofika karibu na kiwiko.

Mnaona tunakoelekea. Tulieni.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshaanza. Ndoo mbili, moja ya shampoo, mililita thelathini kwa lita kumi, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia brashi. Brashi haiwekwi chini hata kwa sekunde. Matairi matatu yamekwisha. Limebaki la mbele kushoto. Nimelipulizia ile dawa ya kutoa chuma, ambayo unaiacha dakika tatu mpaka tano na kuisuuza kabla haijakauka. Sasa, nyuma ya kalipa kuna sehemu ya rimu ambayo mkono hauifikii mpaka uzungushe tairi. Unatia gia N ili gari liwe huru, unasogeza gari nusu mzunguko, unakaba jiwe mbele ya tairi, unavuta breki, ndipo unaosha.

Nikatia N. Nikasogeza. Jiwe nililiona, lilikuwa pale karibu na mbuyu, nikasema nitalichukua nikimaliza hapa.

Uwanja wa shemeji umeinama kuelekea baharini, kama nusu ya Mikindani. Gari limetulia, pua inatazama maji. Nikalala ubavu, nikapitisha mkono katikati ya mikono miwili ya rimu, zile nguzo zinazotoka katikati kwenda ukingoni, nikapinda kiganja kuelekea nyuma ya kalipa, nikaanza kusugua kwa upole kama namwogesha mtoto. Nyuma ya gari rafiki yangu anafunga maua kwenye buti. Hapo ndipo alipokuwa amesimama, wadau. Fundo moja halikukaza. Akaweka goti kwenye bampa, akavuta utepe kwa nguvu.

Gari likaenda mbele upana wa kidole.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia sufu inajaa. Mkono wa rimu ulishuka polepole, nauona kabisa, ukaukuta mkono wangu, ukausukuma mpaka kwenye kalipa, ukatua. Nikavuta, hautoki. Nikapinda, haupindi. Nikasema kimoyomoyo: isingekuwa unene wa hii glavu ningekuwa na mkono mmoja. Halafu, Mungu anisamehe, wazo la pili lilikuwa kwamba dakika za dawa zinakwisha.

Wakati huohuo bibi mmoja wa jirani anapita na vitumbua vyake. Mjiweke kwenye nafasi yake. Alfajiri, gari la watu lina maua, mwanaume usiyemfahamu amelala chini kaingiza mkono kwenye tairi na anahema.

"Mwiziii!"

Mji uliomwona Livingstone akishusha ngamia mwaka 1866 haukuwa na haja ya kunishangaa mimi, lakini walikuja. Wenye fimbo walikuja, na mama mmoja alikuja na mwiko wenye ugali. Na hapo ndipo dawa ikachagua kufanya kazi. Ukiipuliza ni kama maji. Ikikutana na unga wa breki inageuka zambarau, inatiririka, na harufu yake ni yai viza. Ikashuka kwenye rimu, ikapita juu ya glavu, ikachuruzika mpaka kwenye vumbi.

Bibi akarudi nyuma hatua mbili. "Hata damu yake si ya watu!"

"Maji!" nikapiga kelele. "Mwageni maji, itakauka!" Walidhani nahurumia mkono. Nilikuwa nahurumia rimu.

Kumbe shangazi wa bibi harusi kanitambua. Akaja mbio na chupa ya mafuta ya nazi kunitelezesha mkono. Moyo mzuri, lakini mafuta yakigusa diski yanaingia kwenye pedi, pedi inashiba, na bwana harusi anashuka mteremko wa Mikindani bila breki. Pedi iliyokunywa mafuta haioshwi, inatupwa. Hayo yote sikuwa na pumzi ya kuyaeleza, nikaweza neno moja tu: "Diski! Diski! Diski!"

"Anamwita nani?"

"Diski. Ndiye mwenzake. Keshakimbia huyo!"

Vijana watatu wakatoka mbio kuelekea ufukweni kumtafuta Diski.

Nikakusanya nguvu zote. Dawa ya tatizo langu ilikuwa ndogo kuliko salamu: gari lirudi upana wa kidole, basi. Nikaita: "Rudisheni nyumaaa!"

Wakarudi nyuma. Wote. Kwa heshima kabisa, wakaacha duara pana, mimi katikati. Picha mnayoitumiana ilipigwa wakati huo, ndiyo maana naonekana peke yangu kama mzoga. Aliyepiga ni yule wa goti.

Akatoka bwana harusi, kanzu upande mmoja, mswaki mdomoni. Akatazama gari, akanitazama mimi, akatazama gia kupitia dirishani. Akaegemea boneti na vijana wawili, wakalisukuma gari mlimani kidogo tu, mkono ukatoka kama kisu kwenye siagi ya mchana. Akaingia, akatia P, akavuta breki, akarudi kuvaa. Hakusema neno. Hilo ndilo lililoniuma.

Yaliyobaki ni mafupi. Mkono una michubuko, vidole vyote vinafanya kazi. Ndoa ilifungwa saa nne kama ilivyopangwa. Diski bado hajapatikana. Rafiki yangu anasema picha ataifuta nikimlipia bando.

Isipokuwa hili moja. Nilipokuwa barazani nachuliwa mkono, yule bibi alikuwa ameelezwa kila kitu, na aibu ikamshika. Hakunifuata kuomba radhi. Alichukua ndoo, akakaa chini mbele ya lile tairi la kushoto, na nilipotoka nilimkuta anamalizia. Mkononi ana stilwaya na majivu. Rimu ile nyeusi, inchi 17, jua la asubuhi limeipiga, ina duara juu ya duara juu ya duara, kama santuri.

"Nimekusaidia mwanangu," akasema. "Damu yako yote imetoka."

Nikamwambia asante bibi, shikamoo. Akaitika marahaba, akahamia tairi la nyuma.